Chombo Alichokichagua Wachuka

Siku vitu vya nyumba ya akina Tomlin vilipopigwa mnada, Wachuka alivaa gauni lake la kanisani, akajifunga kitambaa cheupe kichwani, akatembea hadi kwenye shamba alilolifanyia kazi miaka kumi. Ilikuwa mwaka wa sitini na nne. Wazungu wa upande ule wa Mweiga walikuwa wakifunga virago mmoja baada ya mwingine, na karibu kila wiki kulikuwa na nyumba iliyotapika vitu vyake nyasini: vitanda, matandiko ya farasi, mitungi ya maziwa, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, picha za watu waliokufa zamani.

Watu walitoka Nyeri, Karatina, hata Nanyuki. Wengi walitaka vitu vya kazi. Wachuka alipita majembe, akapita mitungi, akaenda moja kwa moja kwenye meza ndefu iliyopangwa vyombo vya maua. Alivijua vyote kwa majina yao na kwa uzito wao mkononi. Kwa miaka kumi alikuwa amevipangusa vumbi kila asubuhi, na memsahibu Tomlin, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi kuhusu jambo jingine lolote, alipenda sana kusimulia habari za vyombo vyake: hiki kilitoka Uchina na babu yake, hiki kililetwa na meli kikiwa ndani ya pipa la unga, hiki ni cha uongo, alitapeliwa na Mfaransa.

Katikati ya meza kilisimama chombo kikubwa cha buluu na dhahabu, kimejaa ndege waliochorwa, na watu walikuwa wamekizunguka. Wachuka hakukitazama. Alingoja mpaka dalali alipoinua kingine, kidogo, cha kijani kilichofifia kama majani makavu ya mkaratusi, kisicho na picha, chenye shingo nyembamba na mistari midogo midogo iliyokienea chote kama ngozi ya mkono wa mzee. Dalali alikiinua kwa vidole viwili tu. Wachuka akanyoosha mkono. Hakuna mwingine aliyenyoosha, na mtu nyuma yake akacheka, akauliza kama ng'ombe atakunywa maji humo.

Alipokuwa akikifunga kwenye shuka, mwanamume mnene mwenye kofia ya kufuma alimsogelea. Alikuwa Huseni, mwenye duka la vitu vikuukuu huko Majengo, Nyeri. Babu yake alifika mjini na wapagazi wa serikali ya kwanza, akaoa huko huko, na jamaa yao hawakurudi pwani tena.

"Mama," akasema kwa upole, "mbona umeacha hicho kikubwa?"

"Hiyo kubwa ni mpya," Wachuka akajibu. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha shambani, lakini hakikusita. "Dhahabu yake imepakwa juu. Ukikwaruza na kucha inatoka. Na ukiangalia huku chini, iko safi kama imetoka dukani jana. Hii yangu, ona." Akakigeuza. Kitako hakikuwa na rangi, na ukingo wake ulikuwa umelainika kabisa. "Imesuguliwa na meza ya watu mingi. Wote wamekufa."

Huseni akakipokea, akakigonga taratibu kwa fundo la kidole, akasikiliza. Kilitoa sauti ndefu, safi.

"Nikikuomba uniuzie?"

"Siuzi."

Hakusisitiza. Alimwambia tu mahali duka lake lilipo, nyuma ya msikiti, na kwamba siku yoyote akitaka kazi ya kutumia macho yale, aje.

Huseni aliamini kwamba Wachuka alikitaka chombo kile kwa sababu ya uzee wake, na Wachuka alimwacha aamini hivyo. Ukweli ulikuwa mwingine.

Mwaka wa hamsini na tatu askari walimchukua mume wake, Hezekiah, seremala, kutoka kwenye karakana yake mchana, randa ikiwa bado mkononi, wakampeleka kizuizini kwa kushukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni. Binti yao Nyaguthii alikuwa ananyonya. Mwaka uliofuata nyumba zao zilichomwa, wakahamishiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na miti ya miiba, mlango mmoja, walinzi getini. Wanawake waliamriwa kuchimba. Wachuka alipata kibali cha kufanya kazi kwa akina Tomlin, na aliyeshika kibali cha mzungu aliweza kutoka asubuhi na kurudi kabla ya jua kutua. Hivyo ndivyo alivyomlea mtoto wake.

Nyaguthii alipofika miaka mitatu, alianza kwenda na mama yake. Alikaa jikoni akichezea vifuniko vya sufuria. Siku moja memsahibu alikuwa akilalamika kwamba chombo chake cha kijani kinanuka, kwamba maji ya maua yamegandia ndani na hakuna mkono unaoweza kupita shingoni. Brashi alizijaribu, vijiti alivijaribu. Wachuka akamwita binti yake. Mtoto akakunja vidole kama anayeshika punje ya mahindi, akauingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akasugua ndani kwa kitambaa huku ulimi ukiwa umetoka nje kwa bidii. Memsahibu akacheka, jambo ambalo Wachuka hakuwahi kuliona. Tangu siku hiyo ikawa kazi ya Nyaguthii. Kila Jumamosi alikisafisha chombo kile, kisha akaruhusiwa kutia maua matatu, asizidishe, kwa sababu memsahibu alisema shingo nyembamba haipendi umati. Nyaguthii alilichukua neno hilo akaenda nalo kijijini. Mtu akiingia nyumbani kwao na wenzake, alikuwa akiwaambia kwamba nyumba hii haipendi umati, na wanawake waliochoka na kuchimba walicheka mpaka wakashika kuta.

Mwezi wa saba, mwaka wa hamsini na nane, surua iliingia kijijini. Nyaguthii alishikwa Jumatano. Ijumaa alikuwa akipumua kwa shida, na Wachuka alimwacha kwa jirani, akaenda shambani kuomba ruhusa na dawa. Siku hiyo memsahibu alikuwa na wageni wa chakula cha mchana, watu wakubwa kutoka Nairobi. Alisikiliza, akasema sawa, aende, lakini kwanza amalizie meza, haitachukua muda. Wachuka akatandika kitambaa. Akapanga visu. Akakata maua, akayatia kwenye chombo cha kijani, moja, mbili, na alikuwa ameshika la tatu pale alipomwona jirani yake amesimama nje ya dirisha la jikoni, mikono juu ya kichwa.

Memsahibu alimpa siku mbili za mapumziko na blanketi. Mtoto alizikwa kando ya handaki, upande wa chini, mahali palipotengwa kwa ajili ya watoto. Baada ya hapo majirani, kwa kumhurumia, waliacha kumwita mama Nyaguthii. Wakarudi kumwita Wachuka, kama vile alivyoitwa kabla hajaolewa. Walidhani wanamwondolea maumivu.

Hezekiah alirudi mwaka uliofuata. Alikuwa amekonda, na vumbi la mawe aliyopasua miaka yote ile lilikuwa limemwachia kikohozi. Habari za mtoto aliambiwa njiani. Aliingia, akaketi kwenye kigoda, akatazama huku na huku ndani ya kile chumba ambacho hakuwahi kukiona, kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini," Wachuka akajibu.

Hakuuliza tena, siku hiyo wala baadaye. Na Wachuka akalibeba swali lile. Alipika nalo, alilala nalo, aliamka nalo. Alijua kwamba akisema zaidi, itambidi aseme kuhusu meza, visu na ua la tatu. Mtoto mwingine hawakumpata.

Kwa hiyo alipokileta chombo nyumbani siku ya mnada, hakueleza. Walikuwa wamekwisha kuhama kijijini, wana nyumba ya mbao aliyoijenga Hezekiah mwenyewe juu ya kipande cha ardhi cha kaka yake. Hezekiah alikitazama chombo juu ya meza yake, meza aliyoiranda kwa mikono yake.

"Hicho kimetoka wapi?"

"Kwa Tomlin."

"Kitu cha hao watu hakiwezi kukaa hapa."

Alisema hivyo bila hasira, kama anayeeleza kipimo cha ubao. Wachuka akakichukua akakiweka ghalani, nyuma ya magunia. Mara mojamoja, Hezekiah akiwa hayupo, alikitoa, akakishika, akauingiza mkono wake shingoni hadi vidole vinne, pale ulipokuwa ukikwama.

Mwaka mmoja ukapita. Shamba la Tomlin lilikuwa likigawanywa, na Hezekiah alikuwa ameahidiwa kwamba jina lake liko kwenye orodha ya watakaopata. Aliambiwa aende Ijumaa moja ya mwezi wa saba. Alivaa koti, akaondoka asubuhi na mapema. Wachuka alijua hatarudi hadi jioni, na alijua pia ilikuwa Ijumaa gani. Akakitoa chombo ghalani, akakiosha, akakiweka mezani penye mwanga, akatia maua matatu ya porini yaliyoota kando ya mto. Akaketi mbele yake.

Hezekiah alirudi kabla ya saa nane. Jina lake halikuwemo. Lilikuwemo la mtu aliyekuwa mlinzi wa lango la kijiji miaka ile, na la wakwe wa mtu huyo wawili. Aliingia kwa hatua nzito, akawa amesimama mlangoni, akaona mke wake ameketi kama mtu aliye kanisani, mbele ya chombo cha mzungu chenye maua.

Kwa mkono mmoja alikifyeka chombo kutoka mezani.

Hakikuvunjika vipande vingi. Shingo ilitoka nzima, ikabingiria hadi chini ya kabati, na sehemu ya chini ikapasuka mara tatu. Wachuka akapiga magoti sakafuni, akalia kwa sauti ambayo Hezekiah hakuwahi kuisikia, kwa sababu siku ambayo mke wake aliitoa mara ya kwanza, yeye alikuwa mbali, akipasua mawe.

"Unamlilia mzungu wako," akasema.

Wachuka aliokota vipande akavitupa kwenye shimo la choo, vyote, hata shingo, kwa sababu hakutaka kuviona na hakutaka mtu mwingine avione. Jumatatu alikwenda Nyeri, nyuma ya msikiti, akamkuta Huseni akipanga saa za ukutani.

"Nimekuja kwa ile kazi," akamwambia.

Huseni alimwangalia usoni, akamvutia kiti. Mkewe, Rukaya, akaleta chai.

Ilikuwa miaka mizuri kwa duka kama lile. Wazungu waliacha vitu, na watu waliokuwa wakipandishwa vyeo walihitaji vitu vya kuweka katika nyumba walizoachiwa. Walimu wakuu, makarani wa wilaya, maafisa wa kahawa na wake zao waliingia dukani wakiwa na aibu kidogo, wakaelekeza kidole kwenye kile kinachong'aa zaidi. Wachuka aliwazuia kwa upole. Hakuwauliza wanapenda kipi. Aliwauliza kitakaa wapi, dirisha liko upande gani, ukuta ni wa rangi gani, maua watayapata wapi. Mwenye bustani alipewa mdomo mpana. Asiye na bustani alipewa shingo nyembamba, inayoridhika na tawi moja. Alikataa kumuuzia mtu chombo kabla hakijajazwa maji na kuachwa juu ya gazeti mpaka kesho yake, ili ionekane kama kuna ufa unaovuja. Vyenye ufa hakuvificha. Alimwambia mnunuzi, "Hii ina ufa hapa, weka maua makavu," na mara nyingi mtu alikinunua hicho hicho.

Huseni alizoea kusema kwamba mama huyu angeweza kuingia nyumbani kwa mtu na kujua wanapatana au hawapatani. Lakini nyumbani kwake mwenyewe hakuweka hata kopo la maua. Yeye na Hezekiah waliishi kama wapangaji wawili wenye adabu. Alimpikia, naye akamrekebishia mlango. Jumapili walikwenda kanisani, wakaketi, mke upande wa wanawake, mume upande wa wanaume, na kurudi walitembea pamoja bila neno.

Mwaka wa sitini na saba mwanamke mmoja aliyeitwa Karambu alimwita Wachuka nyumbani kwake. Karambu alikuwa muuguzi, mzaliwa wa upande wa Meru, na mumewe alikuwa amehamishiwa Nyeri kazini. Walipewa nyumba ya mawe yenye sebule ndefu na yenye baridi, na Karambu hakujua aanzie wapi. Wachuka alikuja na vyombo vinne ndani ya kikapu, vimefungwa kwa majani makavu ya migomba. Alitembea sebuleni, akavuta pazia, akaliachia. Aliweka kimoja kwenye rafu iliyo juu ya meko, akarudi nyuma, akakiondoa.

"Hapa patakupigia kelele," akasema. "Ukuta tayari uko na maneno mingi. Weka hii ya nyeupe pekee yake kwa dirisha."

Walikuwa wakizungumza hivyo, na nyuma yao binti wa Karambu, mtoto wa miaka minne hivi, alikuwa ameketi sakafuni kando ya kikapu. Alitoa chombo kimoja cha kioo cha kijani. Akakichungulia. Kisha akakunja vidole, akauingiza mkono hadi kiwikoni.

"Toa mkono," mama yake akasema. "Utakwama."

"Haukwami," mtoto akasema, akauzungusha ndani kuonyesha.

Wachuka aliomba kiti. Karambu alipogeuka, alimkuta amekwisha kuketi chini, sakafuni, mgongo ukiwa ukutani, uso umekuwa wa majivu. Akiwa muuguzi, alidhani ni ugonjwa, akamshika kifundo cha mkono kupima mapigo. Wachuka akauacha mkono wake pale, na akasema. Hakuwa amepanga. Alisema yote, kuanzia vifuniko vya sufuria hadi dirisha la jikoni, na mtoto wa Karambu akaendelea kucheza na kikapu, akitoa majani makavu moja moja.

Karambu alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole. Akauliza, "Mzee wako anajua?"

"Anajua mtoto alikufa."

"Hayo mengine?"

"Hajui."

"Basi mama, wewe umemzika mara moja kwa siku miaka tisa, na yeye hajamzika hata mara moja."

Wachuka alirudi nyumbani akiwa amekata shauri. Alikuwa amepanga maneno, akayarudia njia nzima. Alimkuta Hezekiah amerudi kabla yake kutoka Karatina, alikokuwa amepeleka viti sokoni. Juu ya meza palikuwa na kitu kimefungwa gazeti.

"Kifungue," Hezekiah akasema.

Kilikuwa chombo cha maua. Kipya, cha kiwandani, chekundu na manjano, kina tausi aliyebandikwa na alama ya kalibu iliyokiumba ikishuka ubavuni kama mshono wa suruali. Mikono ya Wachuka ilikwisha kukigeuza na kuona hayo yote kabla yeye mwenyewe hajatambua.

"Watu wanasema wewe ndiye unayevijua hivi vitu," Hezekiah akasema. Alikuwa akitazama buti zake. "Mimi sikujua nichague kipi. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama ninaumwa. Nikachukua chenye rangi nyingi." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Kile kingine sikupaswa kukivunja. Hata kama kilikuwa chao."

Wachuka akakiweka chombo cha tausi katikati ya meza, akakisogeza kidogo kwenye mwanga.

"Ni kizuri," akasema. Kisha akaketi. "Kile hakikuwa chao. Kilikuwa cha Nyaguthii."

Jina hilo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile. Akamweleza, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani yakapotea, akayaokota ovyo: ulimi ulivyotoka nje mtoto alipokuwa akisugua, ile habari ya umati, surua, wageni wa Nairobi. Alipofika kwenye ua la tatu akakishika chombo cha tausi kwa mikono miwili.

"Uliniuliza nilikuwa wapi," akasema. "Nilikuwa pale. Nilikuwa napanga maua."

Hezekiah alikuwa ameinama. Wachuka aliona mabega yake, akangoja hukumu aliyoingoja tangu mwaka wa hamsini na tisa.

"Lile swali sikukuuliza wewe," Hezekiah akasema.

"Hapakuwa na mtu mwingine ndani."

"Nilikuwa najiuliza mimi. Siku ile ya kurudi nilitembea kutoka Kiganjo nikijisemea, mtoto anakufa, baba yake yuko wapi. Ulikuwa wapi, ulikuwa wapi, hivyo hivyo, njia nzima. Nilipoingia likatoka mdomoni, na wewe ndiye uliyekuwa mbele yangu."

Wachuka alimtazama.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulijibu, 'Kazini.' Nikaona umekasirika kwamba sikuwepo." Akajipangusa uso kwa kiganja chenye vumbi la mbao. "Nikaogopa kuuliza tena."

Wakaketi pale, watu wawili wenye mvi zinazoanza. Miaka minane. Hakuna aliyekuwa amemlaumu mwenzake hata siku moja, na wangeweza kuwa wamelia pamoja muda wote huo, labda hata wamepata mtoto mwingine, nani ajuaye. Kuligundua hilo hakukumfariji Wachuka. Kulimuuma kuliko lawama. Alikuwa ameishi akijikinga na pigo ambalo hakuna aliyekuwa amelinyanyua.

"Mama Nyaguthii," Hezekiah akamwita. "Alifanana na nani?"

Wachuka akafikiri. Picha hawakuwa nayo, hakuna aliyepiga picha watoto wa kijiji kile.

"Masikio yalikuwa yako," akasema.

Hezekiah aliishi miaka mitatu baada ya siku ile, kisha kifua kikamshinda. Wachuka aliendelea na kazi dukani kwa Huseni hadi macho yake yalipopungua nguvu, na hata hapo walimletea vyombo avipime kwa vidole. Katika miaka ile mitatu alimsimulia mumewe kila kitu alichokumbuka juu ya mtoto, na vilipokwisha, Hezekiah aliomba avirudie. Havikuwa vingi. Miaka mitano ya mtu husimuliwa ikaisha upesi.

Mara moja tu walikwenda kutafuta kaburi. Ilikuwa Jumamosi, baada ya mvua ndefu. Kijiji kilikuwa kimebomolewa zamani, kila mtu amerudi kwenye ardhi yake, na handaki lilikuwa limefukiwa na kulimwa. Wachuka alikuwa na hakika kwamba angepajua. Alitafuta ule mti wa miiba uliokuwa pembeni, haukuwepo. Alitafuta mteremko, na mteremko wote ulikuwa viazi, mistari na mistari ya viazi vilivyochanua maua meupe, hadi chini kwenye mto. Alitembea kati ya mistari, akasimama, akarudi, akasema labda hapa, kisha akasema hapana, labda kule. Hezekiah alimfuata nyuma akiwa na kofia mkononi. Kila aliposimama, naye alisimama, akainamisha kichwa, ili kama ndipo, asiwe amepita tu.

Mwanamke kijana alitoka kwenye nyumba ya juu akawauliza wanatafuta nini. Hezekiah ndiye aliyejibu.

"Tuliwahi kukaa hapa."

Mwanamke alielewa au hakuelewa, haikujulikana. Alikuwa na mtoto mgongoni. Aliwaambia wazunguke wapendavyo, waangalie tu wasikanyage mimea, akarudi juu. Wakazunguka mpaka jua lilipowachosha. Mwishowe Wachuka alisimama mahali pamoja, bila sababu ya kupachagua zaidi ya kwamba miguu ilikuwa imechoka, wakasali hapo.

Walipokuwa wakiondoka, yule mwanamke aliwafuata hadi njiani na kikapu cha viazi vya kwanza vya msimu, vingine bado vina udongo. Aliwaambia wapokee, ni zawadi, wametoka mbali. Hapakuwa na namna ya kukataa. Hezekiah akajitwika kikapu begani, wakatembea hadi barabarani, wakaketi chini kwenye majani kungoja gari. Wachuka akachukua kiazi kimoja akakipangusa udongo kwa upindo wa gauni lake, polepole, pande zote, mpaka kikawa safi, akakirudisha akachukua kingine. Hezekiah alimtazama akifanya hivyo, kisha naye akatoa kitambaa chake mfukoni akaanza kumsaidia.